Uchungu Uliokuja Peke Yake

Akinyi, mama yangu,

Sikuulizi hali kwa sababu nakusikia chumba cha pili, unacheka na mama yako juu ya sketi mliyoiunguza kwa pasi. Mnacheka kama watu wenye siku mbili mbele yao. Unadhani unaondoka Jumatatu kwa treni. Unaondoka kesho, kabla ya watu kwenda kanisani, kwa gari la Harjit, na hampiti barabara ya Naivasha. Mtapanda Nyahururu, mzunguke Nyeri, mteremke Thika mpaka Nairobi. Nimemwambia Harjit akupe barua hii mkishapita Nyahururu. Kama unaisoma, basi jambo la kwanza limekwenda sawa.

Usinikasirikie kwamba sikukwambia usoni. Ungebisha. Ubishi umeurithi kwangu, na mimi na wewe tukianza kubishana mtaa mzima wa Kaptembwo unajua tunachobishania. Mara hii sitaki mtu ajue.

Mambo ya nguo, ya chakula na ya kanisa utakalosali mama yako ameyamaliza, na angekuwa na nafasi angeyarudia tena. Mimi nakuandikia juu ya kahawa, na juu ya mgeni aliyekuja leo mchana mkiwa sokoni.

Ni Josphat. Nilimfundisha kemia kabla hujaanza shule, na alikuwa na akili, sitamnyima hilo. Siku hizi anamfanyia kazi yule mwenye kiwanda cha kukaanga kahawa huko nyuma ya reli, yule ambaye nyumbani kwetu hatumtaji kwa jina. Tunamwita Mheshimiwa, na hata tukisema hivyo tu mama yako huinuka akafunga dirisha. Josphat alikuja na Peugeot nyeupe, akaiacha katikati ya njia kama mtu asiyetarajia kuambiwa aisogeze. Akanipa shikamoo kwa heshima zote. Akaweka mezani pakiti za kahawa yao, zile zilizoandikwa KAHAWA SAFI kwa herufi nyekundu, akasema ni zawadi ya kukuaga.

"Mwalimu, tumesikia Akinyi anaenda kwa ile mashine mpya ya maabara ya serikali, Nairobi."

Nikamuuliza mashine gani.

"Ile ya kupima kahawa. Si wanasema inatenganisha vitu mpaka vile hata havina majina?" Akacheka. "Mheshimiwa amefurahi sana. Anasema mtoto wa Nakuru akipanda, sisi wote tumepanda."

Halafu akanieleza, bila mimi kumuuliza, kwamba hosteli uliyopewa ni nzuri, ila chumba chako ni cha ghorofa ya juu na kinatazama nyuma, kwenye uchochoro, na msichana peke yake afunge dirisha vizuri. Mimi baba yako sikujua chumba chako kinatazama wapi. Ndiyo maana nilikuuliza jioni uliporudi sokoni. Ukasema ndiyo, kinatazama nyuma, kwani Baba umejuaje. Nikasema nimekisia. Sikukisia.

Akauliza unasafiri lini. Na mimi, Akinyi, mtu ninayejisifu kwamba nimesoma kila kitabu kilichopata kufika Nakuru, nikamjibu kama mtoto anayeulizwa jina lake. Nikasema Jumatatu, treni ya usiku.

"Basi usiwe na wasiwasi, Mwalimu. Tutamtafutia mtu wa kumpokea stesheni."

Alipofika mlangoni akageuka. Akasema, kwa sauti ile ya mtu anayeomba apitishiwe chumvi, "Mwambie tu, akiona pakiti yetu iko mezani kwake, asijisumbue nayo sana."

Pakiti niliziacha pale pale mezani mpaka mliporudi. Mama yako aliona zile pakiti, akaniangalia, hakuuliza. Hiyo ndiyo ndoa ya miaka mingi.

Sasa nikueleze kwa nini mtu mwenye kiwanda, magari na marafiki wakubwa anaogopa msichana ambaye hajapokea hata mshahara wa kwanza. Hadithi hii unaijua vipande vipande, kwa sababu tulikulea ndani yake, na watu hawawasimulii watoto nyumba wanamoishi.

Uhuru ulikuwa bado mpya. Nilikuwa nafundisha hapa mjini, naandika kwenye magazeti, na hapakuwa na wiki niliyokosa adui. Nilikuwa nimegombana na manispaa, na askofu, na chama cha walimu, na nilikuwa na furaha sana. Siku moja nikanywa kikombe cha kahawa ya yule bwana, kikanipa ladha ya mahindi yaliyosahauliwa jikoni. Nikaenda na ile pakiti kwa Harjit. Wakati ule alikuwa na duka la dawa kubwa, barabara kuu, na nyuma ya duka chumba cha kuchanganyia dawa chenye mizani nzuri kuliko ya shule yangu.

Tulichemsha ile kahawa, tukaichuja, tukaitikisa na klorofomu, tukaacha klorofomu ipae kwenye kisahani. Kinachobaki ni kafeini, ule uchungu wa kahawa unaofukuza usingizi, sindano nyeupe ndogondogo kama barafu ya asubuhi ya Molo. Kahawa halisi ingetuachia tabaka la kuonekana. Yetu ilituachia vumbi. Mahindi hayana kafeini, hata uyakaange mpaka yawe meusi kama dhambi.

Harjit alisema tununue pakiti nyingine, maduka tofauti, tuzifunge kwa lakiri mbele ya shahidi, tungoje. Ndivyo anavyofanya kazi, dawa imemfundisha kungoja. Mimi sikungoja. Usiku huo huo makala ilikuwa tayari, na kichwa chake kilikuwa "Tunakunywa Mahindi". Ilikuwa makala nzuri. Bado naamini ilikuwa nzuri. Watu waliikata wakaibandika kwenye milango ya hoteli za chai.

Nimesoma vitabu vingi vya watu waliopigana na wafalme kwa kalamu. Hakuna hata kimoja kilichoniambia nifunge pakiti kwanza ndipo nifungue mdomo. Nilikuwa nimemweleza adui yangu nimepima nini, nimepima vipi, na nitamshtaki kwa nini. Akanishtaki yeye, kwa kashfa, akaomba mahakama ipime pakiti za kiwandani mwake zilizo sokoni. Zikapimwa, na kwa njia ile ile tuliyotumia sisi. Kisahani kikajaa sindano nyeupe. Kahawa ilikuwa na kafeini ya kutosha na kubaki.

Harjit aliomba aonje ile kahawa, akaizungusha mdomoni, akaitema kwenye leso. Akaniinamia pale kwenye benchi la mahakama.

"Mwalimu, huu uchungu umekuja peke yake. Jamaa zake wako wapi?"

Alikuwa ameelewa. Huko Ulaya wanaitoa kafeini kwenye kahawa ya watu wanaotaka kulala, halafu ule unga wanauuza kwa watengeneza dawa na soda. Hata Harjit alikuwa nao kidogo dukani, wa dawa za kichwa. Na mwezi huo huo mtu asiyejitaja alikuwa amempigia simu kuuliza kama unga wa kafeini unaweza kuagizwa kwa debe. Kwa debe, Akinyi. Kichwa gani kinauma namna hiyo. Walikuwa wameacha mahindi yao palepale na kutia kafeini juu yake, kwa sababu mimi nilikuwa nimewatangazia gazetini kwamba napima kafeini peke yake. Ladha ya Harjit si ushahidi, na simu isiyo na jina si ushahidi.

Nilikuwa nimebakiwa na neno moja. Nikasimama nikasema hata kama kafeini ipo, pakiti imeandikwa safi, na kilichochanganywa si safi. Wakili wao alikuwa kijana mnene, mchangamfu, mtu ambaye ningempenda mahali pengine. Akaniuliza kama nafahamu Kiswahili. Nikamwambia nakifahamu kuliko yeye. Akaniuliza nimeamkaje. Kwa mazoea, na kwa kiburi, nikamjibu safi.

"Safi," akasema, akamgeukia hakimu. "Mheshimiwa Hakimu, naomba mahakama iandike kwamba Mwalimu Owuor hajachanganywa na mahindi."

Hata hakimu alicheka. Hata mimi, Mungu anisamehe, nilikaribia kucheka. Ndani ya neno lile kulikuwa na maneno mawili yanayovaa koti moja. Kuna safi ya kitu kisichochanganywa, na kuna safi ya mtu anayesema mambo si mabaya. Lau ningedai halisi. Lakini pakiti haikuandikwa halisi. Waliochagua lile neno jekundu walijua wanachofanya kuliko mimi niliyekuwa najiita mtu wa maneno.

Nikashindwa kesi, nikaomba radhi gazetini, ukurasa ule ule. Baada ya hapo nikahamishiwa Elburgon, kwenye shule iliyo katikati ya viwanda vya mbao, na kila nikiuliza sababu naambiwa ni mahitaji ya elimu. Unakumbuka vumbi la mbao kwenye uji. Hilo ndilo unalokumbuka, na nashukuru. Hukumbuki kwamba Jumapili moja, familia ya Harjit ikiwa hekaluni mwao, chumba cha nyuma ya duka kiliwaka moto. Polisi walisema ni spiriti. Spiriti ilikuwa upande mmoja na moto ulianzia upande mwingine, na kila mtu aliyetazama ukuta aliona hivyo, na hakuna aliyesema. Leo ana kiduka kidogo karibu na soko, anauza dawa ya kikohozi na miwani ya kusomea. Kahawa hainywi. Ukimkaribisha anasema chai tu, Mwalimu, chai inatosha.

Kwa hiyo uliposema unataka kusoma kemia nilinyamaza siku nzima, na mama yako akadhani naumwa.

Halafu ukanialika chuoni kwenu niione mashine. Sijapata kukuambia vizuri siku ile ilinifanya nini. Nilitarajia kitu kikubwa. Nikaona pampu, na bomba la chuma jembamba lisilozidi urefu wa mkono wangu, na kalamu inayotambaa kwenye karatasi. Ukaniambia ndani ya bomba kumeshindiliwa unga laini sana, na kimiminika kinasukumwa kupita humo kwa nguvu. Nikakuuliza sasa maajabu yako wapi. Ukasema, "Baba, fikiria treni ya Babu. Wote wamepandia Kisumu pamoja, wamebanana. Lakini kila mmoja ana stesheni yake ya kushukia."

Baba yangu alipaka grisi magurudumu ya reli mpaka akafa, na hakuna mtu aliyewahi kumheshimu kwa mfano mzuri kama huo.

Ukaingiza tone la kahawa. Kalamu ikatulia, halafu ikapanda kilima kidogo, ukasema trigonelini huyo, mwenzake kafeini ndani ya buni, anashuka mapema. Pakawa na mkunjo mdogo wa theobromini, karibu si kitu. Halafu kalamu ikaanza kupanda, ikapanda, kafeini ikasimama kwenye karatasi kama mlima Longonot. Ukanieleza kwamba trigonelini huungua buni zikikaangwa, na kafeini huvumilia moto. Ndipo nikaisogelea ile karatasi. Niliona kesi yangu yote pale. Kama mtu ametia mahindi akaongeza kafeini ya debe, kafeini itasimama na trigonelini atakuwa amelala. Uchungu uliokuja peke yake, umechorwa kwa wino. Nikapiga meza. Nikasema kwa sauti, mbele ya wenzako, tumempata mwizi.

Na wewe ukasema, "Hapana, Baba. Inaweza kuwa imeungua tu."

Ukanifafanulia kama mimi ndiye mwanafunzi. Kahawa iliyokaangwa sana nayo hupoteza trigonelini. Lazima uangalie rangi ya ukaango, ulinganishe na kahawa unayoijua iliyokaangwa vivyo hivyo, upime pakiti nyingi, upime tena. Nilianza safari ya kurudi Nakuru nimekasirika. Nikawa najiambia wamemfundisha woga wakauita sayansi. Nilipofika Gilgil hasira iliisha, nikabaki na aibu kidogo, halafu na furaha ambayo sikuwa na pa kuiweka. Maisha yangu yote nimepima vitu kwa jumla. Serikali yote, kanisa lote, matajiri wote, nimewatia sufuria moja nikawachemsha. Wewe unaweza kukaa mbele ya bomba ukangoja kila mmoja ashuke kwa wakati wake. Hilo halikutoka kwangu, na sijui limetoka wapi, labda kwa mama yako, anayechambua mchele kama anatafuta almasi.

Unajua mambo yalivyo sasa. Tangu baridi iue kahawa huko ng'ambo na bei kupanda, buni nzuri zote zinapanda meli, na zinazobaki kwetu ni zile ambazo hata ng'ombe angeuliza maswali. Mwenye kiwanda cha kukaanga anaweza kupata utajiri wa vizazi kwa mahindi na unga wa debe, mradi pasiwe na mtu mwenye bomba la chuma. Sasa bomba lipo, na anayekaa mbele yake ni binti wa Owuor. Yule bwana anadhani nimekutuma. Anadhani nimekulea miaka yote hii kama mtu anavyonoa panga. Josphat hakuja kunitisha mimi, mama. Alikuja kuona kama panga limekwisha kunolewa.

Basi nisikilize, na mara hii sipazi sauti.

Sikukutuma. Najua natamani. Nikisema sitamani nitakuwa nimekudanganya, na kuna usiku ambapo bado najibu lile swali la wakili kwa namna nyingine kumi. Lakini tamaa yangu isipande kwenye bomba lako. Zile pakiti za Josphat sijakutilia mzigoni. Pakiti iliyotoka mkononi mwa baba yako si sampuli, ni kisasi. Pakiti yao itakuja yenyewe, imenunuliwa dukani na mtu asiyenijua, kama zinavyokuja nyingine. Siku hiyo ipime kama ambavyo ungepima ya mtu yeyote. Ukikuta imeungua tu, andika imeungua. Ukikuta ni kahawa njema isiyo na hila, andika hivyo, utie sahihi. Nitaumia, halafu nitapona. Nimepona makubwa zaidi. Na ukikuta kile Harjit alichoonja kwenye leso yake, usinipigie simu, usimwandikie mama yako. Funga pakiti nyingine kwa lakiri, pima tena, na kauli yako ya kwanza iwe ile iliyokamilika.

Hosteli usiende. Utafikia kwa dada yake Harjit huko Ngara, anakusubiri, na hajui sababu zote. Jumatatu asubuhi, kabla hujavaa koti la maabara, mwambie mkuu wako kwamba mtu alikuja nyumbani kwenu kuzungumzia pakiti ambayo bado haijafika. Taja jina la Josphat. Sema mbele ya watu wengine wawili au watatu. Nakufundisha jambo ambalo siku zote nimelifanya kinyume: mimi nilitangaza matokeo nikaficha hofu. Wewe tangaza hofu, na matokeo uyanyamazie mpaka yaive.

Sijui kama utashinda. Nimeishi katika nchi hii nikiwa macho wazi, na nimeona watu wakweli wakizikwa na wanaosifiwa wakiwa wengine kabisa. Kama mambo yatakuwa mabaya, kama siku moja utaona gari lile lile mara mbili, ondoka pale maabara, uache mashine, uache kazi, urudi kwa watu wanaokupenda. Sitakuita mwoga. Yeyote atakayekuita mwoga nitamwandikia makala.

Mama yako nitamweleza kesho, mkishatoka. Atalia, halafu atanitukana, na baadaye ataniuliza umebeba sweta lipi.

Limebaki moja, na hili Harjit halijui, kwa hiyo usimlaumu. Tiketi yako ya Jumatatu niliinunua mwenyewe na ninayo mfukoni. Haina jina juu yake. Nitakwenda stesheni na mzigo, nitasimama mahali penye taa ili anayetaka kuona kwamba nyumba ya Owuor inasafiri aone, na treni ikiingia nitapanda mimi. Josphat aliahidi kumtafuta mtu wa kukupokea. Asubuhi ya Jumanne, huko Nairobi, mtu huyo atanipokea mimi.

Baba yako.